Kula Vizuri Trieste kwa Anayekaa Miezi Mitatu

Mgeni anayefika Trieste, mji wa bandari ulioko pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Italia, anaweza kukosea tangu kikombe cha kwanza. Akiagiza cappuccino, ataletewa kikombe kidogo cha kahawa kali yenye povu la maziwa juu. Kile kikombe kikubwa ambacho Italia nzima hukiita cappuccino, hapa huitwa caffelatte. Kahawa tupu, ambayo Roma na Milano ni caffè tu, hapa ni nero, yaani nyeusi. Yenye maziwa kidogo ni capo, na anayeitaka hiyo capo katika bilauri ndogo ya kioo husema capo in b, herufi ya mwisho ikisimama badala ya neno bicchiere, bilauri. Majina haya ni dalili ya kwanza ya jambo ambalo makala haya yanalieleza: chakula kizuri cha Trieste sicho kile ambacho dunia imekizoea kwa jina la chakula cha Kitaliano, na anayekitafuta kwa jina hilo anaweza kumaliza muda wake wote akila piza na tambi za nyanya, kisha akarudi kwao akiamini kwamba ameuonja mji.

Ninaowaandikia hasa ni watu wanaokaa kwa muda, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki mji huu hauko mbali kama ramani inavyoonyesha. Mwaka 1964 mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam, ambaye baadaye, mwaka 1979, alipata Tuzo ya Nobel, alianzisha hapa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Kwa miongo mingi watafiti na wanafunzi wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani wamekaa katika nyumba za wageni za Miramare na Grignano, wengine wiki tatu, wengine miezi mitatu, wengine mwaka mzima, na tangu 2018 kituo hicho kina taasisi mshirika huko Kigali. Mtu wa namna hii si mtalii, wala si mwenyeji. Mtalii ana siku mbili na fedha za kutumia. Mwenyeji ana mama mkwe anayempikia. Mkaaji wa muda ana posho yenye kikomo, ana jiko analolitumia pamoja na watu wengine watano, na ana kitu kimoja chenye thamani ambacho mtalii hana, nacho ni nafasi ya kurudi mahali palepale mara ya pili na ya tatu, mpaka mwenye duka amtambue.

Ili kuelewa kinacholiwa hapa, ni lazima kwanza kuelewa mji huu ulikuwa wa nani. Mwaka 1719 Kaisari Karl wa Sita wa Austria aliutangaza kuwa bandari huru, na kutoka mji mdogo wa wavuvi na wavuna chumvi ukakua hadi kuwa mlango wa bahari wa himaya nzima ya Habsburg. Walihamia Waslovenia kutoka vijiji vya nyanda za juu, Wajerumani kutoka Vienna, Wagiriki, Waserbia, Wakroatia, Wayahudi na Waarmenia, kila jamii ikija na vyungu vyake. Utawala wa Austria uliisha mwaka 1918, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ukabaki chini ya uangalizi wa majeshi ya Uingereza na Marekani hadi ulipokabidhiwa Italia tena mwaka 1954. Kwa hiyo utakuta katika barabara moja gulash, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa vitunguu vingi na paprika kwa asili ya Hungaria, kabichi iliyochachushwa ya watu wa Ulaya ya Kati, keki zenye majina ya Kislavi, na samaki wa siki wanaopikwa kama Venezia. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar hatashangaa kwamba bandari hupika hivyo. Na si sadfa tupu kwamba ninaitaja Mombasa: meli za abiria za kampuni ya Lloyd Triestino zilikuwa zikitoka katika bandari hii, zikapita Suez na Aden, zikatia nanga Mombasa na Dar es Salaam, na kahawa ya nchi zetu imepita katika maghala haya kwa sababu Trieste ni mojawapo ya bandari kuu za kahawa katika Mediterania.

Kuna njia rahisi ya kuipima orodha ya vyakula iliyobandikwa mlangoni kabla hujaingia, nami sijaisikia ikitajwa na wengi. Alfabeti ya Kitaliano sanifu haina J wala K. Herufi hizo huonekana katika maneno ya kigeni tu. Ukiona basi orodha yenye jota (supu ya maharage), kren (mzizi mkali) au palacinke (chapati nyembamba za mayai), au majina mengine ya asili ya kigeni kama gulash na keki za presnitz na putizza, uko mbele ya jiko la mji huu. Ukiona carbonara, lasagne na tambi za bolognese, ambazo ni za Roma na Emilia, tena zikiwa na picha zilizofifia kwa jua na tafsiri za lugha sita, mpishi huyo anampikia mtu ambaye hatamwona tena. Sisemi kwamba carbonara ya Trieste ni mbaya kila mahali. Nasema kwamba anayeila hapa amelipa nauli ya Roma bila kufika Roma.

Jambo la pili linalowachanganya wageni ni aina za milango. Neno mgahawa halitoshi, kwa sababu chakula cha Trieste kimegawanywa kati ya mahali pa namna mbalimbali, na kila mahali pana saa zake na kitu kimoja au viwili vinavyostahili kuagizwa hapo. Trattoria ni mgahawa wa kukaa na kula milo kamili. Bar ni mahali pa kahawa na mkate asubuhi. Pasticceria ni ya keki. Gastronomia huuza chakula kilichokwisha kupikwa, kwa kupimwa mizani, na kwa mtu mwenye posho ndogo huenda hilo likawa ndilo duka muhimu kuliko yote, maana pale unaweza kununua gramu mia mbili za viazi vya patate in tecia, yaani viazi vilivyochemshwa, vikapondwapondwa na kukaangwa kwa vitunguu katika kikaango, ukala nyumbani bila kulipia kiti.

Halafu ipo buffet, na hapa neno hilo halina maana ya meza ndefu ambayo kila mtu hujipakulia. Buffet ya Trieste ni duka dogo lenye kaunta, na juu ya kaunta pana pipa la maji ya moto liitwalo caldaia, ambamo vipande vya nyama ya nguruwe huchemka tangu asubuhi: shingo, ulimi, soseji za aina tatu au nne. Mhudumu hutoa kipande kwa uma, hukikata papo hapo, na kukipakua pamoja na haradali, kabichi iliyochachushwa ambayo wenyeji huiita capuzi garbi, na kren, mzizi mweupe unaokunwa mbichi na ambao ukali wake hupanda puani badala ya kuwasha ulimi. Mahali hapa palikuwa pa wapagazi wa bandari walioanza kazi alfajiri na kuhitaji kitu kizito kufikia saa nne asubuhi; mlo huo wa kati una jina lake, rebechin, na bado upo. Buffet inayojulikana zaidi, ile ya da Pepi, ilianza mwaka 1897. Kwa mtu wa kukaa kwa muda faida yake ni saa: wakati majiko ya trattoria yamefungwa kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa moja jioni, buffet nyingi huendelea kuhudumia.

Osmiza ndiyo niliyoipenda kuliko yote, nayo ndiyo isiyojulikana kabisa kwa mtu ambaye hajaambiwa. Juu ya mji, ukipanda mlima kwa basi kwa muda wa nusu saa hivi, unafika kwenye uwanda wa mawe ya chokaa uitwao Carso, wenye vijiji ambavyo wakazi wake wengi ni Waslovenia na vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili. Mwaka 1784 Kaisari Joseph wa Pili aliwaruhusu wakulima kuuza mazao yao wenyewe nyumbani kwao kwa siku nane kwa mwaka. Nane kwa Kislovenia ni osem, na kutokana na neno hilo likapatikana jina osmiza. Siku hizi zinazoruhusiwa ni nyingi kuliko nane, lakini msingi haukubadilika: familia hufungua ua wake kwa kipindi, hufunga, kisha jirani hufungua wa kwake, na mwenye ua huuza alichokizalisha mwenyewe, yaani divai, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, jibini, mayai ya kuchemsha na mboga za siki. Kwa desturi hakuna jiko la vyakula vya moto. Unakaa kwenye benchi la mbao chini ya mzabibu, na katika kijiji kama Prosecco au Contovello unaiona ghuba yote iliyo chini yako. Ndiyo, Prosecco hiyo ndiyo iliyoipa divai maarufu jina lake.

Ugumu wa osmiza ni kwamba hujui leo iliyo wazi ni ipi, na hapo ndipo alama ya zamani inapofanya kazi. Kwenye njia panda, familia iliyofungua hutundika tawi la mmea utambaao lenye majani mabichi, pamoja na mshale mwekundu wa mbao unaoonyesha upande wa kwenda. Unafuata mshale hadi tawi linalofuata, mpaka ufike uani. Siku hizi iko pia kalenda kwenye intaneti inayoonyesha zilizofunguliwa, nayo inasaidia sana, lakini mshale hauhitaji chaji ya simu. Anayeishi Trieste kwa miezi mitatu anapaswa kwenda angalau mara mbili, katika vijiji viwili tofauti, kwa sababu ladha ya jibini na ya mboga za siki hubadilika kutoka ua hadi ua. Tahadhari moja ya kiutawala naitaja hapa kwa uzito: mpaka wa Slovenia uko kilomita chache tu, na upande wa pili pia zipo osmica, yaani osmiza kwa tahajia ya Kislovenia, na migahawa mizuri, lakini tangu Oktoba 2023 Italia imerejesha ukaguzi katika mpaka huo. Mgeni wa Kiafrika asipande juu bila pasipoti na hati yake ya ukaazi, hata kama wenzake wa ofisini wanavuka wakiwa na funguo za gari tu.

Msomaji mwangalifu ameshaona tatizo. Nimetaja nguruwe kwenye buffet na tena kwenye osmiza, na wasomaji wengi wa lugha hii hawamli. Suala hili linahitaji kufafanuliwa kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu nyama inayoonekana ni rahisi kuikwepa. Kinachomkwamisha mtu ni ile isiyoonekana. Supu ya jota, ambayo ndiyo sahani ya mji huu kuliko nyingine yoyote, ni ya maharage, viazi na kabichi iliyochachushwa, na ukiitazama bakulini unaweza kuapa kwamba ni ya mboga tupu. Kwa kawaida imechemshwa na mfupa au kipande cha nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Madonge ya mkate yanayoandamana na gulash mara nyingi yana vipande vidogo vya nyama hiyohiyo. Gulash yenyewe ni ya ng'ombe, lakini swali la kuuliza ni mafuta yaliyotumika. Cevapcici, vijiti vya nyama ya kusaga vilivyotoka Balkani, hapa huchanganywa nyama mara kwa mara. Viazi vya patate in tecia huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata baadhi ya mikate ina mafuta hayo, na neno la kulisoma kwenye karatasi ya viungo ni strutto. Kwa anayejiepusha na pombe, ajue kwamba wali wa risotto karibu kila mara huanza kwa divai, na kwamba presnitz, keki ya karanga za aina mbalimbali na zabibu kavu iliyokunjwa kama konokono, ina ramu ndani.

Wageni wengi hudhani kwamba sheria itawalinda. Ni kweli kwamba kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inamlazimu mwenye mgahawa kumjulisha mteja juu ya viungo vinavyoweza kumdhuru mtu mwenye mzio, na ndiyo maana utaona tarakimu ndogo kando ya kila sahani. Lakini orodha hiyo ina vitu 14, kama vile ngano, mayai, maziwa, samaki, ufuta na haradali. Nguruwe hayumo, kwa kuwa kanuni hiyo inahusu mzio wa mwili na haihusu dini. Sahani isiyo na tarakimu hata moja inaweza kuwa imejaa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo lazima uulize kwa mdomo, na uulize vizuri. Ukisema tu kwamba huli carne, nyama, utaambiwa supu haina nyama, na msemaji hatakuwa amekusudia kukudanganya, kwa maana kwake kipande cha kutia ladha si nyama ya kuhesabika. Swali linalojibiwa kwa uhakika ni hili: "C'è maiale, o strutto, anche nel brodo?" Yaani: kuna nguruwe au mafuta yake, hata katika mchuzi? Niliuliza hivyo kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipika katika trattoria ya familia. Akaingia jikoni, akarudi akitikisa kichwa, akaniambia nije Alhamisi, siku atakayoipika jota kwa mafuta ya zeituni. Nilikwenda, na nilipofika alikuwa ameniwekea bakuli pembeni.

Wenye kutaka nyama ya halali watafute maduka yenye maandishi macelleria halal au islamica, ambayo yapo mjini, kisha wapike wenyewe. Lakini sioni sababu ya mtu kukaa mbele ya Adriatiki akilalamika kwamba hana cha kula, na bahari hiyo ipo.

Samaki wa Trieste wana majina yao pia, na hapa kamusi ya Kitaliano haikusaidii sana. Sardoni, ambaye jina lake linamfanya mtu afikirie sadini mkubwa, kumbe ni wa jamii ya dagaa mchele wa Zanzibar, ila ni mkubwa zaidi, na anayesifiwa kuliko wote ni yule anayevuliwa mbele ya Barcola, ukanda wa pwani ulio njiani kuelekea Miramare. Hupasuliwa, hutolewa mwiba, huviringishwa katika chenga za mkate na kukaangwa; au baada ya kukaangwa hulazwa katika siki na vitunguu vilivyolainishwa, akaitwa in savor, na akaliwa kesho yake akiwa baridi. Kome huitwa pedoci, neno ambalo maana yake ya msingi ni chawa, nao hufugwa kwenye kamba katika ghuba hiihii, kwa hiyo ni wabichi na bei yao ni nafuu. Samaki hawa wadogo na hawa kome ndicho chakula bora cha bei ndogo katika mji mzima, na inashangaza jinsi wageni wanavyowapita wakitafuta salmoni, ambaye hajawahi kuogelea karibu na hapa. Usitafute samaki siku ya Jumatatu, kwa sababu mashua kwa kawaida hazitoki Jumapili. Katika mgahawa, angalia alama ya nyota kando ya jina la samaki: ina maana kwamba aliganda kabla ya kufika jikoni, na mwenye mgahawa anawajibika kukujulisha. Lile soko kubwa la samaki la zamani ufukweni, jengo lenye mnara ambalo watu wa mji walilipa jina la utani la Santa Maria del Guato, yaani Mtakatifu Maria wa samaki aitwaye guato, siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Samaki wenyewe utawapata katika maduka madogo yenye kibao cha pescheria.

Juu ya fedha sina mengi. Kahawa unayokunywa ukiwa umesimama kwenye kaunta hugharimu kidogo zaidi ya euro moja. Ukikaa mezani, hasa katika uwanja mkubwa unaotazama bahari, bei hupanda mara mbili au zaidi, na huo si wizi, kwani bei zote mbili zimeandikwa. Katika trattoria utatozwa coperto, ada ya kiti na mkate, kwa kawaida kati ya euro moja na nusu na tatu kwa kila mtu. Bakshishi hailazimishwi. Chakula cha mchana siku za kazi, chini ya maneno menu del giorno au pranzo di lavoro, ni nafuu sana kuliko chakula cha usiku kutoka jiko lilelile. Mwezi Agosti mahali pengi pazuri hufungwa kwa likizo, na huenda wewe ukawa umeletwa na semina ya mwezi huohuo. Basi ujipange kupika.

Kupika kwenyewe kunaanzia sokoni. Soko lililofunikwa, Mercato Coperto, lipo via Carducci tangu miaka ya 1930, na ndani yake, hasa asubuhi, utawakuta wakulima wanaouza walichokilima. Uliza kilichovunwa karibu, na umwache muuzaji akuchagulie, maana katika masoko mengi ya Italia kushika mboga kwa mkono mtupu ni utovu wa adabu. Majira ya kuchipua huleta radicchio ndogo ya mavuno ya kwanza, yenye majani membamba laini kuliko saladi yoyote niliyowahi kula, na asparagasi mwitu wanaoliwa kwa mayai. Mwishoni mwa kiangazi huja madonge ya viazi yenye tunda la plamu katikati, yakinyunyiziwa sukari, mdalasini na chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, nayo huliwa mwanzoni mwa mlo au badala ya mlo, jambo ambalo Mtaliano wa Napoli atalikataa kabisa. Pasaka ina mkate mtamu wa mayai uitwao pinza. Mafuta ya zeituni ya hapa yana jina la kulindwa kisheria, Tergeste, na ukali wake kooni ni wa kawaida kwa aina ya zeituni inayolimwa huku.

Mtu aliyezoea sima hataona shida. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa, na katika pembe hii ya Italia umeliwa kwa karne nyingi, wa njano kwa nyama, mweupe kwa samaki. Kwa anayetaka ugali wa kwao, anunue farina di mais bianca, achague iliyosagwa laini iitwayo fioretto, aepuke ile yenye chenga kubwa iitwayo bramata na ile iliyoandikwa istantanea, kwa kuwa hii ya mwisho imekwisha kupikwa kiwandani na hainyanyuki mwikoni. Wenyeji hutumia maji mengi na hukoroga kwa zaidi ya nusu saa. Wewe punguza maji na usonge kwa nguvu. Mboga yake ipo sokoni: blede, majani mapana yenye mashina meupe, ambayo huku huchemshwa pamoja na viazi, kisha hutiwa vitunguu saumu na mafuta. Aliyekulia kwenye mchicha na kisamvu ataielewa papo hapo.

Na upepo wa Bora ukianza kushuka kutoka Carso, upepo ambao huweza kuzidi kilomita mia moja kwa saa na kuwafanya watu wa mji washike nguzo za barabarani, ndipo utakapojua kwa nini jota ipo, nawe unaweza kuipika bila nguruwe katika jiko lolote la nyumba ya wageni. Loweka maharage ya borlotti usiku, yachemshe na viazi hadi viive, ponda nusu yake urudishe sufuriani. Katika chombo kingine pika capuzi garbi taratibu na vitunguu saumu, bizari nyembamba kidogo na maji, kwa saa nzima, hadi ukali wake upungue. Kaanga kijiko cha unga wa ngano katika mafuta ya zeituni mpaka ubadilike rangi, changanya vyote, acha vichemke pamoja kwa nusu saa, kisha zima moto na usile. Ifunike, uiache ilale hadi kesho mchana, uipashe moto polepole, na umpakulie kwanza yule jirani wa jikoni anayetoka mbali kuliko wewe.